Chuma cha Marehemu Clete

Chama cha wakusanyaji wa zana kuukuu, katika mji mmoja mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, kilikuwa na sheria moja iliyoogopwa: kifaa kikishawekwa mezani, ni marufuku kusema "sijui". Anayesema huwachemshia wenzake kahawa mwaka mzima. Ndiyo maana watu wazima wenye wajukuu walikuwa tayari kusema lolote lile.

Lavina Stumpf aliyajua hayo na bado alikuja. Alikuwa na swali lililomkosesha raha tangu amzike mumewe. Majira yote ya baridi ya mwisho Clete alijichimbia kwenye chumba cha chini ya nyumba, akigonga na kupiga tupa, huku yeye akila chakula cha jioni na redio. Kilichobaki ni chuma hiki chenye mpini wa mti, kilichopinda kama sikio. Je, mume alikuwa na kazi ya maana kule chini, au alikuwa anamkimbia tu?

Merle Gochenour, mjuzi wa chama, alikipokea kwa mikono miwili, akakilamba.

"Kutu ya jimbo la Vermont," akatangaza. "Miaka mia na themanini, haipungui."

"Clete alikitengeneza mwaka jana," Lavina akasema. "Kimeshika kutu kwa sababu nilikisahau kwenye sinki la vyombo."

"Pole, shemeji. Msiba huchanganya kichwa."

Basi wakaanza. Mmoja akasema ni cha kubania ulimi wa ng'ombe anaponyweshwa dawa. Mwingine akaapa babu yake alikuwa nacho, cha kunyooshea shingo za bata bukini.

"Babu yako si alikuwa mshona viatu?" Merle akamuuliza.

"Kwani mshona viatu hafugi bata?"

Walivutana mpaka keki ya tufaha ikapoa. Lavina machozi yalimlengalenga, na ilikuwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana alijua Clete angekuwa katikati yao akibisha kuliko wote.

Mwishowe wakapiga kura, ulimi wa ng'ombe ukashinda. Kasoro ilikuwa moja: kila aliyekijaribu, mpini ulimkwaruza na vidole vikagongana.

"Mafundi wa Vermont walikuwa na vidole vya ajabu," Merle akaeleza, akiupuliza mkono wake.

Lavina akachoka. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule anaoutumia kwa kila kitu, akichukue aende zake. Mpini ukaingia kiganjani ukatulia. Kidole chake cha kati kilipinda zamani, alipobanwa na mlango wa ghala, na mti ulikuwa umechongwa ukapinda palepale. Clete alipimaje? Pengine mkewe alipokuwa amelala. Lavina alisimama pale akiona haya mbele za watu, kama bibi harusi.

"Shemeji, umekishika kinyume," Merle akasema.

"Nimekishika sawasawa. Kimetengenezwa kwa mkono huu."

Merle akatazama mkono, akatazama mpini, akatazama tena mkono.

"Haya, tukubali," akasema. "Lakini kinafanya kazi gani?"

Lavina akakigeuza juu chini, akakipunga hewani. Hakikukata, hakikubana, hakikunyoosha shingo ya yeyote.

"Kinashikwa," akasema, na hakukirudisha mezani.