Mita Mbili za Tossenhorn

Mlima wetu, Tossenhorn, una mita elfu mbili mia tisa tisini na nane. Wa majirani zetu ng'ambo ya bonde una elfu tatu na nne, na wakitukuta dukani huuliza, "Kichuguu chenu hakijambo?" Nilivumilia hayo tangu utoto. Nilipostaafu kazi ya kugawa barua nikasema basi.

"Tuuongezee mawe kileleni, mita mbili tu, ufike elfu tatu," nikamwambia Meinrad, rafiki yangu tangu shuleni. "Kila Jumapili baada ya misa, jiwe moja."

Meinrad alikuwa na kibanda cha mbuzi kule malishoni, saa moja tu chini ya kilele. Akatafuna mtemba wake wa tumbaku kidogo. "Beba yale ya kijani ya mtoni, Theo. Ni mazito, upepo hauyawezi."

Yale ya kijani ndiyo tunayojengea majiko ya kupashia nyumba joto, maana hulishika hadi asubuhi. Kila moja nililichonga herufi T, nikalitia katika mkoba wa mgongoni, nikapanda. Unaanza na msitu, unafuata malisho, kisha mteremko wa kokoto ambao ukienda hatua tatu unarudi mbili, na mwisho ule ukingo mwembamba kama mgongo wa mbuzi mwenye njaa. Siku moja upepo wa ukingoni ulininyanyua pamoja na jiwe langu. Bila jiwe ningekula chakula cha mchana Italia, ng'ambo ya mpaka.

Miaka kumi na moja nilibeba. Rundo halikupita kiuno changu.

"Radi inayapasua," Meinrad alinieleza. "Na theluji inayasukuma bondeni. Kaza tu, mzee mwenzangu."

Nikakaza. Nikishuka alinipa mkate mweusi na jibini kwenye benchi lililo nje ya kibanda. Ndani hakunikaribisha kamwe. "Kuna harufu ya mbuzi," alisema.

Agosti hii akaja binti wa ofisi ya ramani kuupima mlima upya. Tulipanda naye sote wawili, mimi nimevaa suti ya harusi yangu. Kileleni akasimamisha chombo chake juu ya mwamba, kando ya rundo langu.

"Binti, juu ni hapa," nikamwonyesha.

"Mawe ya kupangwa na watu hatuyahesabu, mzee. Mbona tulishajibu? Kuna barua ya zamani, miaka kumi sasa, mtu wa hapa hapa aliuliza." Akafungua karatasi zake. "Meinrad fulani."

Nikamtazama Meinrad. Naye akatazama mawingu, akasema mvua ya mawe inakuja. Katika hilo hakudanganya. Ilitukimbiza hadi kibandani, na safari hii hakuwa na la kufanya ila kufungua mlango.

Hakukuwa na harufu ya mbuzi. Kulikuwa na jiko la kijani lililofika darini, zuri kuliko la padri. Nilikuwa nimelowa mwili mzima, nikaliegemea. Kitu kikanichoma mgongoni. Nikapapasa: T. Pembeni yake T nyingine.

"Jiko zuri sana," binti akasema. "Umeyapandishaje mawe yote haya?"

"Kwa punda," nikamjibu mimi.

Meinrad akaweka birika motoni. "Kutoka mtoni ni mwendo wa saa tano, Theo. Kutoka kileleni ni saa moja, tena kwa kuteremka. Nawe ulikuwa unafurahi."

"Ungeniomba ningekubebea."

"Yote?"

"Yote, Meinrad."

Akanisogezea kigoda. Kisha akasema, "Keti basi, mgongo wako unauma. Joto litakusaidia."

Lilikuwa linasaidia kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikachukua kofia yangu, nikatoka na kuiacha mvua inipige.

Bado napanda kila Jumapili, mikono mitupu. Moshi unafuka kibandani, na Meinrad husimama mlangoni akiniita, "Theo, ingia upate chai."

"Asante," humjibu bila kusimama. "Ndani kuna harufu ya mbuzi."