Akiba ya Vidole Viwili

Kabati langu lilikuwa na nguo themanini na mbili, na kila asubuhi nilisimama mbele yake nikiwa sina cha kuvaa. Idadi naijua kwa sababu Shangazi alizihesabu kwa sauti, siku mlango wa kabati ulipong'oka bawaba ukaniangukia mguuni.

Shangazi ameshona nguo za wanawake miaka arobaini. Nguo haitazami kwa nje. Anaigeuza, anapapasa mishono, kisha anatoa hukumu.

"Hii imeshonwa na mtu aliyekuwa anakimbia mvua," alisema, akaitupa blauzi yangu ya sherehe. "Na hii yenyewe haijui kwa nini ilizaliwa."

Kufika mchana zilikuwa zimebaki nne, moja ikiwa koti la mvua.

"Sasa nitavaa nini, Shangazi?"

"Nguo, mwanangu. Kwa mara ya kwanza."

Alinishonea tano: shati jeupe, suruali nyeusi, sketi ya buluu iliyokolea, koti jepesi na gauni la kijivu. Hakuna ua, hakuna kinachometameta. Nilidhani nitafanana na mlinzi wa benki, lakini nilipovaa lile gauni nilijikuta nimesimama wima bila kuambiwa. Lilikuwa na mkanda mpana wa kitambaa kilekile, mrefu kupita kiasi, unaozunguka kiuno mara mbili na bado unabaki.

"Hili ndilo la mwisho," Shangazi alisema. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na uzi alikuwa anautunga sindanoni kwa kubahatisha. "Ndani ya mshono nimekuachia kitambaa cha vidole viwili kila upande, siku ukihitaji kulipanua. Hiyo ni akiba yako, usiiguse."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilishaangukiwa na mlango, lakini sikujifunza. Wiki ya pili nilijitazama kwenye kioo nikaona ile akiba inaninenepesha kiunoni. Nikachukua mkasi, nikaikata yote hadi karibu na mshono, nikajipongeza. Vipande nikafutia vumbi.

Miezi minne baadaye niliitwa kwenye usaili wa kuwa mkuu wa maktaba ninayofanyia kazi, cheo nilichokitamani miaka tisa. Katika miezi hiyo kila mfanyakazi alikuwa amezaliwa: wiki hii keki ya huyu, wiki ijayo keki ya yule, na mimi si mtu wa kususia furaha ya wenzangu. Siku mbili kabla ya usaili nikavaa gauni la kijivu. Zipu ilipanda hadi kiunoni ikagoma. Nikavuta pumzi, nikavuta tumbo, nikamwita na mume wangu aje avute. Wapi!

Usaili niliuogopa, lakini Shangazi nilimwogopa zaidi. Gauni la mwisho la mikono ile, nami nimelitia mkasi. Nilikwenda kwake nikiwa na uongo wangu tayari.

"Shikamoo, Shangazi. Gauni limenywea."

"Marahaba. Limenywea, au umenawiri?"

Akaligeuza. Vidole vyake vikatembea kwenye mshono wa ubavuni hadi mwisho, vikarudi. Vikapapasa tena pale mkasi ulipopita. Aibu ikanitoa machozi.

"Nilikata mimi. Nisamehe."

"Najua. Ulipokuwa na miaka sita ulimnyoa mwanasesere wako, ukalia ulipoona nywele hazioti tena." Akanyoosha mkono. "Lete mkanda."

"Mkanda?"

"Ulidhani nimekupa wa kufungia mizigo? Akiba ya kwanza nilimwekea mtu mwenye akili. Ya pili nilikuwekea wewe."

Macho yake hayakuweza tena kuufuata mshono, kwa hiyo kwenye cherehani nikakaa mimi, yeye pembeni. Tukaukata mkanda, tukaingiza kipande kila ubavu. Nilichoshona alikipapasa. "Unakimbia mvua?" aliuliza. Nikafumua. Nilifumua mara tatu, na kila niliposhika mkasi alikohoa.

Kwenye usaili waliniuliza nitaanza vipi na vitabu vilivyochakaa. Nikajibu kwamba kwanza nitavifungua nitazame mishono. Wakacheka, na kazi wakanipa.

Mwezi uliofuata Shangazi alikuja na kitambaa cheusi kwapani.

"Nishonee gauni. La kawaida, la kudumu."

"Mimi?"

"Kwani nimemfundisha nani mwingine?"

Nilimpima. Ana miaka sabini na sita, na amekonda hata utepe wa kupimia ukanihuzunisha. Nilishona siku nne, taratibu. Nilipomkabidhi aligeuza gauni, akapapasa ubavuni, akahesabu.

"Vidole vinne! Vya nini, na uzee huu?"

"Akiba yako, Shangazi. Usiiguse."

Akalikunja gauni, kisha akauliza kazini kwetu wiki hii ni keki ya kuzaliwa ya nani.