Neno Lisilotiwa Chumvi

Kwetu mtu haoi wala haolewi mpaka Baba ashindwe mezani. Mnaweza kucheka, ndivyo tulivyo. Baba ni mkalimani mstaafu, na kila Jumapili mchana, sahani zikishajaa, kila mmoja wetu huleta neno moja gumu la Kiingereza, akaeleza maana yake na lilikotoka. Ruhusa kusema kweli, ruhusa kudanganya. Ukihisi mtu anatia chumvi, unamsukumia kikopo cha chumvi. Kama alidanganya, ataosha vyombo yeye. Kama alisema kweli, utaosha wewe.

Wakati wa mchezo kikopo hakiguswi kwa sababu nyingine yoyote. Na mbele ya Baba hakijawahi kufika, tangu mimi na dada tukiwa wadogo. Nani amshuku Baba? Jumapili zote hizo alikula yai lake la kuchemsha likiwa chapwa, akasimulia, sisi tukaitikia kwa vichwa. Shemeji yangu, mume wa dada, alisota miezi mizima kabla Baba hajamsukumia kikopo kimakosa.

Sasa zamu ilikuwa yangu, na mimi si wa kusubiri miezi. Nilikuwa nimempata fundi wa vioo, mtu mpole, asiyejua kudanganya hata bei. Baba aliponiuliza kwa nini huyu na si mwingine, niliona aibu kusema nampenda. Nikamjibu kwa neno alilonifundisha mwenyewe utotoni: "companion." Limetoka Kilatini, alisema siku zile, na maana yake ni mtu unayekula naye mkate. Baba akakohoa, akasema, "Mlete Jumapili. Posa nitaijibu mezani."

Njiani nilimweleza Fundi sheria zote. Kwa hofu aliyokuwa nayo, ziliingia sikio hili zikatokea lile.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi," alisema mlangoni, jasho likimtiririka. Akaketi karibu na Baba, mkabala na dada na mumewe. Mayai, mkate, supu ya maharage, na kikopo katikati ya meza.

Alianza yeye. "Neno langu ni 'window'. Watu wa kaskazini ya mbali, zamani hizo, waliliita dirisha jicho la upepo. Neno limetoka huko."

Baba akaitikia kwa kichwa, maana alilijua. Hakuna aliyesukuma kikopo, kwa hiyo Fundi hakupata kitu. Roho ikaniuma.

Shangazi naye, dada yake Baba, mzaha ndio chakula chake. "Mimi nina 'defenestration'," alisema. "Ni kumtupa mtu nje kwa kupitia dirishani. Kwa Kilatini dirisha ni fenestra." Akamtazama Fundi, akatazama dirisha.

"Sawa, Shangazi," Fundi akajibu. "Ukishamtupa niite tu, nije kurudishia kioo."

Mama alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Baba hata tabasamu hakutoa. Akajiweka sawa kitini, akaanza lake.

"'Flabbergasted'," alisema. "Kupigwa na butwaa. Alikuwepo mwokaji mmoja mnene, akiitwa Flaba. Siku moja alifungua tanuri lake, akakuta mikate yote imevimba mpaka imeziba mlango..."

Sisi tukaitikia kwa vichwa, kama kawaida. Mwokaji akakimbia, majirani wakaja na mapanga, Baba mikono hewani, yai lake limemenywa na halijaguswa. Ndipo nikauona mkono wa Fundi ukinyooka, ukashika kikopo, ukakisogeza polepole mpaka mbele ya Baba.

Shangazi akashika kifua. Mimi nikatamani ile defenestration inipate mimi.

Baba alikitazama kikopo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe kicheko, kikamtoka mpaka machozi.

"Amenipata!" alisema. "Hakuna Flaba wala mikate! Wenye kamusi wenyewe wanasema asili ya neno hili haijulikani. Tangu watoto hawa wana meno ya utoto nawatilia chumvi, nangoja mmoja anibishie. Wapi! Wanaitikia tu!"

"Na ile ya 'quiz'?" nikaruka. "Ya mtu aliyeandika neno lisilo na maana kwenye kuta za mji ili ashinde dau?"

"Chumvi hiyo, mwanangu. Haina ushahidi wowote."

"Baba! Nimeifundisha darasani miaka yote!"

"Si ungeuliza," alisema, akijifuta macho. Kisha akamgeukia Fundi. "Umenishuku kwa lipi, kijana?"

Nilimkanyaga Fundi mguu chini ya meza. Sema lolote, nilimwomba moyoni, danganya mara moja tu maishani. Lakini kuvunja kioo ni rahisi kuliko kumfanya mtu huyu adanganye.

"Mzee, sikukushuku," alisema. "Niliona yai lako halina chumvi, na wewe umeshikwa na hadithi. Nikakusogezea."

Basi, nikasema moyoni, ushindi ameupata na ameutupa mwenyewe. Nilikuwa karibu kulia.

Baba alilitazama yai lake, akatutazama mmoja mmoja. Sote tulikuwa tumelitazama yai hilo miaka yote. Alichukua kikopo, akanyunyiza, akauma, akafumba macho.

"Kumbe ndivyo lilivyo tamu," alisema taratibu.

"Baba," nikamuuliza, "na 'companion' je? Nayo ni chumvi?"

"Hilo halina hata chembe. Lichunguze popote." Akaumega mkate, nusu akamwekea Fundi sahanini. "Kula, mkwe wangu. Vyombo leo naosha mimi."