Bi Mkubwa Yuko Ndani

Saa saba na dakika nne mchana, siku ya kumi na mbili ya kuwazoeza paka wawili, mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefungwa na kila paka alikuwa anakula upande wake. Ndivyo alivyoagiza daktari wa mifugo, mlango katikati, bakuli huku, bakuli kule, wasikiane wakitafuna, wazoeane kwa harufu kabla ya kuonana kwa macho, na fundi cherehani alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, mkono mmoja juu ya kitasa, akimwangalia Pini wake akila, huku nyuma ya mbao mumewe akisema taratibu, kula, Bi Mkubwa, kula mama… kula mama, yeye tangu aolewe, miezi saba, hajaambiwa kula mama, anaambiwa chakula kizuri, na jina lenyewe, nani anamwita paka Bi Mkubwa, marehemu mke wa kwanza ndiye aliyempa, kwa mzaha, paka akiwa wa kukaa kiganjani, asijue kwamba siku moja ataingia mwingine na jina litapata kazi, sasa kila asubuhi muuza magazeti hapo nje, shemeji, Bi Mkubwa kaamkaje, nawe Bi Mdogo wamekuachia mto au umelalia mkono, anacheka, naye anacheka, afanye nini, utamwambia nani kwamba unamwonea paka wivu… mke mwenza aliye hai utamvizia, ipo siku ataunguza chungu, ipo siku atanuna, marehemu haunguzi, hanuni, hazeeki, na sasa na mtandio juu yake, kwa sababu daktari alisema chukueni kitambaa alicholalia huyu mkiweke chini ya bakuli la yule, yeye akatoa foronya ya mto wa Pini, mumewe akaenda kabatini akarudi na mtandio wa marehemu, ndio anaolalia Bi Mkubwa humo, akasema, kama mtu anayetaja bei ya betri ya saa, na siku kumi na mbili anautandika kwa mikono yake mwenyewe, pindo limeshonwa kwa mkono, mshono mdogo, sawasawa, marehemu wala hakuwa fundi, alikuwa mtunza maktaba, ametafuta kasoro mapindo yote manne hajaipata… pole pole, mama, hakuna anayekunyang'anya, alisema mumewe mle ndani… hakuna anayekunyang'anya, kumbe, na kitasa hiki kimelegea, fundi saa mzima anakaa na kitasa kilicholegea, ukikiminya kinaitika, Pini ana miaka mitatu na kucha zote, yule ana kumi na minne na meno ya kuhesabu, itachukua dakika moja, na daktari alikwishasema wakipigana kabla ya wakati mtarudi mwanzo, au mmoja aondoke, na mumewe akasema basi mmoja ataenda kwa dada yako, kuna uwanja, yupi, alimwuliza, atakayeshindwa, akasema, lakini atakayeumia ndiye atakayehurumiwa, na anayehurumiwa hupelekwa kwenye uwanja akapumzike, au hubembelezwa abaki na mwenye kucha akafungashwa virago, hapo hakuwa na hakika, akakiminya nusu, akashikilia hapo… harufu yake siisikii tena, mumewe akasema. Ya nani, akajiuliza. Ya Pini, ya samaki, akasubiri, sikio kwenye mbao. Kabatini nilikuwa naisikia, mumewe akasema, kwenye ule mtandio, mwanzoni hata mlango wa kabati haujafunguka vizuri, baadaye mpaka nizike pua humo, na nilipoutoa siku ile hamna kitu, wewe unaisikia? Paka aliendelea kutafuna. Kwa mkono wa pili fundi cherehani akavuta ncha ya mtandio, Pini akasogea bila kuacha kula, naye fundi akaunusa kama anavyonusa kitambaa dukani kujua kimechanganywa na nini, samaki, paka, basi, akanusa tena pale pa kukalia shingoni, paka, kwa hiyo siku kumi na mbili, miezi saba, amekuwa akigombana na samaki na paka, na mumewe alikuwa akienda kabatini, lini, akiwa yeye kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, haulizi wala haambiwi… wivu haukwisha, ulihama tu, ukamtoka marehemu ukamwangukia yule wa meno ya kuhesabu, kwamba neno kama lile kaambiwa yeye, na kwa nini asiambiwe, ndiye pekee mle ndani, zaidi ya mume, aliyemjua marehemu, naye akienda kwa dada, kwenye uwanja, neno lile litasemwa kwa nani, ataiambia saa ya mteja, au halitasemwa, na mume asiyelisema atakuwa wake zaidi, au atakuwa wa nani… vidole vikalegea, kitasa kikarudi kwa mlio mdogo.

"Uko hapo?" mumewe aliuliza.

"Nipo."



"Tangu saa ngapi?"

"Tangu umwambie ale."

Alimsikia akikohoa, kisha akikaa vizuri, mgongo wake ukagusa mbao upande ule.

"Pini amemaliza?"

"Bado," alisema. "Na Bi Mkubwa?"

Alikuwa hajawahi kulitamka jina hilo. Saa saba na dakika tisa, mumewe akajibu kwamba bado kidogo.