Picha ya Watu Wasiotazamana

Kikohozi kilisikika kutoka kwenye migomba, na Sekela alikuwa bado ameshika mguu wa farasi.

Mguu wenyewe ulikuwa kipande cha mbao kisichozidi ukucha wa dole gumba, kina kichwa upande mmoja na shimo upande mwingine. Fagio alikuwa amelibana kwapani. Alishajaribu kukiweka kwenye gari la ile picha ya mezani, akajaribu kwenye miguu ya mama mwenye ndoo, kinakataa tu. Kikohozi cha pili kikaja, karibu zaidi. Kile cha makusudi, cha mtu anayesema natoka shambani, naja kwangu, wa kuondoka aondoke. Sekela akakizungusha kile kipande mara ya mwisho, akakisukuma chini ya tumbo la farasi. Kikaingia tii, kama kidole kwenye asali. Akavuta kaniki kichwani, akatokea mlango wa nyuma, akapotelea nyuma ya jiko, kicheko kimemjaa mdomoni.

Mzee Andongwisye, baba wa mume wake, alikuwa hajawahi kumwona uso. Huko milima ya Undali ndivyo ilivyokuwa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hawakai chini ya paa moja, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini mpaka mzee apite. Wala si chuki. Ni heshima, ila heshima iliyonenepa mpaka ikawa ukuta. Wachungaji wa misheni walisema sana, watu wakaitikia amina, na wakitoka kanisani wanawake wanapita njia ya chini na wakwe njia ya juu, kama kawaida. Sekela alikuwa na ruhusa moja tu, kufagia nyumba ya mkwe mwenyewe akiwa hayupo.

Ndiyo hiyo ruhusa iliyomkutanisha na vipande.

Mzee alikuwa mpishi miaka mingi kwenye shamba moja la kahawa kule Mbozi. Mama wa Kizungu wa pale, akishamaliza chakula cha jioni, alikuwa akimwaga mezani vipande vya picha iliyokatwakatwa kwa msumeno, anaanza kuviunga upya kimoja kimoja. Mpishi alisimama nyuma ameshika sahani chafu, anatazama. Siku moja akashindwa kujizuia, akanyoosha kidole. Kile pale, Mama, kinaenda pale. Mama akajaribu, kikaenda. Tangu hapo sahani zikawa zinasubiri. Vita ilipoanza Ulaya na wale Wazungu, kwa kuwa ni Wajerumani, wakachukuliwa na serikali ya Waingereza, Mama alimwachia kasha moja, akapanda lori bila kugeuka nyuma.

Sasa mtu amekaa Mbozi miaka yote ile, nyumbani wanasubiri mablanketi na sufuria. Mzee akatua kasha, akafungua. Mkewe Ikupa alichungulia, halafu akauliza kama hizo ni kuni za kupikia sisimizi. Mlima mzima ulicheka. Wengine wakanong'ona kwamba ni dawa. Mzee alichonga meza, akaiweka chini ya dirisha, akaanza. Mfuniko wa kasha haukuwa na picha yoyote, kwa hiyo hata yeye hakujua anapanga nini.

Siku moja Sekela anafagia, kipande kikatokea chini ya meza na vumbi. Cha kijani. Akakiokota, akatazama juu ya meza, akaona kona ya mti inayolia kukosa kitu. Akakiweka. Akasimama pale ameduwaa kama mtu aliyemwibia mfalme. Kesho yake alipoingia, kwenye kona iliyo jirani na mlango wa nyuma alikuta vipande vichache vya kijani vimetengwa peke yake. Mzee hakusema neno kwa mtu yeyote. Vilikuwa vimetengwa tu.

Basi wakaanza. Asubuhi yeye, mchana mzee. Yeye akimaliza paa la nyumba, mzee anaanza bomba la moshi. Mzee akishindwa kipande anakiacha kwenye ile kona, na Sekela akishindwa anakirudisha kwenye kona ya mzee, kama watu wanaorushiana mzigo wa kucheka. Jamani, kuna raha kwenye kile kitu! Unahangaika na kipande mpaka unataka kukitupa, unakigeuza kidogo tu, na mkono unajua kabla ya macho. Lwitiko, mume wake, alikuwa ameaga kwenda migodi ya shaba ng'ambo ya Tunduma, na tangu aondoke hakuna mpita njia aliyeleta hata salamu zake. Hapo mezani angalau kila kilichopotea kilikuwa na mahali pake, na ukitafuta kwa subira unapaona.

"Ninyi wawili," Ikupa alimwambia siku moja wakichambua maharage, "mnaongea sana kuliko mimi na yeye, niliyeolewa nikiwa na meno yote."

"Mama, mimi nafagia tu."

"Fagia, mwanangu. Nyumba yangu haijawahi kuwa safi hivi."

Picha ikaanza kuonekana. Barabara ya mji, farasi na gari lake, mama amebeba ndoo, na weupe. Weupe juu ya mapaa, weupe barabarani, weupe mgongoni kwa farasi. Sekela aliamua ni unga. Kwamba kuna watu duniani wana unga mwingi mpaka wanaumwaga barabarani, na farasi anaukanyaga, hilo lilimkera siku nzima. Vipande vyeupe ndivyo vilikuwa vigumu kuliko vyote, havina mstari wala rangi, na ndivyo vilivyobaki.

Kahawa ilipochanua, ndipo alipokuta kipande cha barabara kimewekwa juu, angani.

Akacheka, akajua mzee anamtania. Akakitoa, akakiweka panapostahili. Kesho yake vilikuwa vitatu. Keshokutwa yake alikuta kimoja kimegongwa kwa ngumi mahali kisipoenea, mbao imepasuka ukingoni, na juu yake pana alama ya jasho la kidole, imepita na kurudi, imepita na kurudi. Hapo kicheko kikamkauka. Mtu anayetania hapapasi.

Akavirekebisha vyote. Na siku iliyofuata. Na iliyofuata. Kila asubuhi alikuwa anabomoa makosa ya mzee taratibu na kuyapanga sawa, na kwa kuwa alifanya vizuri, mzee akipitisha viganja vyake mchana alikuta picha imelala laini kabisa, hakuna kinachokwaruza.

Ikupa naye hakuwa mjinga. Aliona mume wake anamwaga chai pembeni ya kikombe. Alimwona anamwamkia mbuzi wa jirani na kumuuliza habari za watoto. Mchana mmoja akamwambia wazi kwamba macho yamekwisha, aende hospitali ya misheni, wapo watu waliotobolewa ukungu wa macho wakarudi wanasoma Biblia. Sekela alikuwa nyuma ya ukuta anasaga ulezi, anasikia yote.

"Njoo hapa," mzee akasema. "Wewe una macho. Angalia hii picha. Nionyeshe palipokosewa."

Jiwe la kusagia likasimama.

"Sioni," Ikupa akasema mwishowe.

"Kipofu anaweza kupanga hivi?"

"Hawezi."

"Basi niache."

Sekela angeweza kusema. Palikuwa na hatua chache tu kutoka kwenye jiwe mpaka kwa mama mkwe. Lakini mke wa mtoto kutamka kwamba baba mkwe haoni, huko ni kumvua nguo barabarani. Na kama hajawahi kumtazama hata mara moja, angejuaje kwamba haoni? Halafu pia, tuseme ukweli, aliogopa kwamba wakishajua, ile meza itatolewa, na asubuhi zake zitabaki na fagio tu. Akaongeza ulezi kwenye jiwe. Akaendelea kusaga.

Mvua zikaanza. Mzee alikuwa na miche ya kahawa ng'ambo ya kijito, na kijito kilivukwa kwa gogo. Kabla ya hapo Ikupa alikuwa amezoea kumsindikiza, anajifanya anafuata kuni. Tangu siku ya ile picha aliacha kumsindikiza.

Siku aliyoanguka, waliomleta nyumbani ni vijana waliokuwa wakikata mianzi bondeni. Walimkuta kwenye mawe chini ya gogo, maji yanampita kifuani, paja limekaa vibaya. Wakamwingiza ndani kwa haraka, mmoja akapiga meza kwa nyonga, na picha yote ikaenda chini. Sekela, aliyekwisha kukimbilia nyuma ya nyumba, aliisikia ikianguka. Ilikuwa kama mvua ya mawe kwenye majani makavu.

"Nini hicho?" mzee akauliza. Vijana walikuwa wanavikanyaga vile vipande.

Vijana wakaondoka kutafuta miti ya machela na watu wa kubeba, maana hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima. Ikupa akakimbilia kwa jirani kuomba mablanketi. Alipopita nyuma alimwambia Sekela abaki karibu, na akisikia mzee amezidiwa apige kelele. Akaenda. Boma likabaki na watu wawili na ukuta mmoja wa udongo.

Sekela alikaa chini, mgongo ukutani. Alimsikia anavyohema. Kila pumzi ilikuwa na mlango wake, ikifika hapo inakwama, halafu inapita.

"Baba," akasema.

Neno lilitoka dogo. Pumzi ya ndani ikasimama.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Ninayefagia."

Sekela akashika udongo wa ukuta kwa kucha, akijua kwamba ameshavunja mwiko na hakuna namna ya kuunga.

"Vile vipande nilikuwa navirekebisha," akasema. "Ulikuwa unaviweka vibaya, baba. Mimi navitoa, naviweka sawa. Sikumwambia mtu."

"Tangu lini?"

"Kahawa ilipochanua."

"Kahawa ilipochanua," mzee akarudia, kama mtu anayepima uzito wa mtungi. Halafu akatoa sauti, na Sekela alichukua muda kuelewa kwamba anacheka, kwa sababu kicheko kilimuuma na alikuwa anakivunja katikati. "Nikasema mikono imekuwa na akili kuliko macho. Nikajisifu kabisa. Nikamwita mke wangu aje aone."

"Nilisikia."

"Ulisikia."

"Nilikuwa nasaga."

Maji yalidondoka kutoka kwenye nyasi za paa, mbele ya miguu ya Sekela. Alisubiri laana. Aliitaka hata, ije imalize.

"Ilikuwa imefika wapi?" mzee akauliza. "Picha."

"Ilibaki kidogo tu. Sehemu ya unga."

"Unga gani?"

"Ule mweupe. Waliomwaga barabarani."

"Si unga, mwanangu." Sauti ilikuwa imeshuka, ikabidi Sekela ageuze sikio ukutani. "Ni baridi. Kwao baridi ikizidi inaanguka kutoka juu kama pamba, inalala juu ya nyumba. Mama aliniambia. Ukiishika inakufia mkononi, inakuwa maji." Akapumzika. "Ulidhani unga siku zote hizi?"

"Nilidhani unga."

"Na ulikasirika."

"Nilikasirika sana."

Akacheka tena, kidogo, na safari hii aliishia kwenye mguno. Sekela akanyanyuka. Mlango ulikuwa pale pale, wazi, vijana hawakuufunga. Angeweza kuzunguka na kuingia. Mwanamume asiyeona hawezi kutazama uso wa mtu. Lakini yeye angemwona, na alijua kwamba akimwona jinsi alivyolala pale, hatakuwa tena mkwe. Atakuwa mzee tu aliyevunjika kwa sababu ya mikono yake. Akarudi kukaa.

"Mama yako akirudi," mzee akasema, "usimwambie haya."

"Baba, ni mimi niliye..."

"Gogo lilikuwa na utelezi. Umesikia? Mvua imenyesha, mguu ukateleza. Una maisha marefu ya kukaa na huyo mama, na mwanangu hajarudi. Hawezi kukusamehe na kukuhitaji kwa pamoja, nitakuwa nimewaachia moto ndani ya nyumba. Gogo lilikuwa na utelezi."

Sekela alilia kwa mdomo wazi, bila sauti, kama wanavyolia wanawake wenye wakwe jirani.

"Sema."

"Lilikuwa na utelezi, baba."

Watu wakasikika wanapanda. Akavuta kaniki, akaingia kwenye migomba.

Walimfunga kwenye machela ya mianzi, mablanketi matatu juu yake. Ikupa alikuja kumtafuta Sekela kule nyuma, macho mekundu, akamshika mabega. Akamwambia abaki alinde nyumba, aokote vile vipande visije vikaingia kwenye moto. Halafu akauliza, huku anajifunga kitambaa, ilikuwaje mtu anayeona vizuri vile akakosa gogo alilolivuka maisha yake yote.

"Lilikuwa na utelezi, mama," Sekela akasema.

Ikupa akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akawafuata.

Sekela aliingia ndani. Vipande vilikuwa vimetapakaa mpaka kwenye majivu, vingine vimezamishwa kwenye sakafu na nyayo za vijana. Alipiga magoti, akaokota kimoja. Akakiweka chini tena. Akatoka.

Machela ilikuwa imeshaanza kupanda kilima, watu wanne wamebeba na wengine nyuma yao, na ukungu unashuka kuwapokea. Yeye hakushika njia. Aliingia chini yake, kwenye magugu marefu yaliyolowa, akatembea sambamba nao, kaniki imefunika kichwa, uso ameuelekeza bondeni. Kutoka pale hakuona mtu. Alisikia mianzi ikilia chini ya uzito, na wabebaji wakihesabiana hatua kwa Kindali. Walipofika kwenye mwinuko mkali walisimama kubadilishana mabega. Naye akasimama, maji ya nyasi yakimchuruzika miguuni, akisikiliza, mpaka mianzi ilipoanza tena kulia.