Jina la Mzee Munzir

Mdogo wangu Nawar alikuwa ameshanipita kwa kila kitu isipokuwa jina. Nasema wazi kwamba namwonea wivu, na sioni haya kusema. Ni winga wa kushoto huko Kuwait, mwaka wa tatu sasa. Kabla ya hapo alichezea Basra, na kabla ya Basra tulicheza wote wawili kwenye timu ya mtaa hapa Homs, mimi kulia, yeye kushoto. Wakala alikuja kututazama siku ya Alhamisi, siku ambayo mji mzima unataka kunyolewa kabla ya Ijumaa. Baba, kinyozi wa mtaa, alikuwa anaumwa mgongo, na ilibidi mmoja wetu ashike mkasi. Mimi ndiye mkubwa, nikaushika. Tangu siku hiyo nanyoa watu dukani kwake, chini ya televisheni inayomwonyesha mdogo wangu.

Wateja wenyewe wanakuja kwa ajili yake. "Pembeni ninyoe kama Nawar," vijana wananiambia, mimi niliyemnyoa Nawar mtindo huo kwa mara ya kwanza jikoni kwa mama! Baba yetu, mzee Munzir, anakaa kiti cha dirishani na bilauri yake ya yerba, chai yetu ya majani machungu, ananyonya kwa mrija wa chuma, na hainui kichwa mpaka mpira umfikie Nawar.

Kwa hiyo nilibaki na jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la mwanawe wa baadaye kabla yeye mwenyewe hajaota ndevu. Mimi ni Ghiyath, lakini tangu nina miaka kumi na mitano mtaa unaniita Abu Munzir, baba yake Munzir, kwa sababu mwanangu wa kiume angechukua jina la babu yake. Nikapata mabinti watatu. Baada ya yule wa tatu, Huda mke wangu alipasuliwa, na daktari akatuambia hatazaa tena. Tuliyajua hayo mimi na Huda na mama yake tu. Mtaani niliendelea kuitwa Abu Munzir, nami niliendelea kuitika.

Jumatano moja mchana, viti vikiwa vimejaa, simu ikalia na uso wa Nawar ukatokea kwenye kioo cha simu.

"Kaka! Nimepata dume! Kilo tatu na nusu, na mguu wake ni wa kushoto, nimeshauona!"

Duka zima lilipiga makelele. Abu Rustum, muuza njugu, aliruka kitini na povu lake shavuni. "Mwacheni anyonye kwanza! Msije mkamsajili leo leo!"

Nilimpongeza, hata nikacheka na wenzangu. Kisha Nawar akashusha sauti.

"Kaka, nina ombi. Wewe ndiye mkubwa. Ukiniruhusu, nataka nimwite Munzir. Ukikataa, basi, wala sitanuna."

Adabu yake ndiyo iliyonichoma. Angelichukua jina bila kuuliza, ningemchukia kwa raha zangu. Nilimwona baba amegeuka, anaitabasamia simu iliyo mkononi mwangu. Nikaona nitakavyoitwa kesho: Abu Layal, baba wa binti yangu mkubwa, na Abu Munzir atakuwa yule wa kwenye televisheni. Mdomo ukanitangulia.

"Subiri kidogo, ndugu yangu. Huda ana mimba. Daktari anasema ni wa kiume."

"Na ulikuwa unanificha, mshenzi wewe!" Nawar alipiga kelele, na furaha yake haikuwa ya kuigiza. "Basi jina ni lako, tumemaliza!"

Baba akainuka, akaja taratibu kati ya viti, akanibusu kichwani mbele ya watu wote. Niseme ukweli, nilifurahi. Miaka kumi hakuwahi kunitazama namna ile.

Alasiri nilipopanda ngazi za nyumbani nilisikia vigelegele. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa sebuleni na sinia za halua, na Huda amekaa katikati yao, anatabasamu, mikono mapajani. Alitabasamu mpaka wa mwisho alipotoka.

"Hongera, Abu Munzir," akaniambia mlango ulipofungwa. "Wameniuliza niko mwezi wa ngapi. Nimewaambia wa nne. Mke wa Abu Rustum amenishika tumbo aliombee dua, Ghiyath. Amenishika hapa, juu ya kovu."

"Wivu tu," nikasema. "Nilishikwa na wivu."

"Najua. Kila mtu anajua una wivu, na mimi nimekaa nao miaka yote. Leo umeniingiza mimi. Mpigie mdogo wako, sasa hivi, nikisikia."

Nilimpigia, nikamweleza yote, sikupunguza neno.

"Leo Jumatano, kaka," akasema. "Si wanatutania kwamba watu wa Homs siku hii huwa hatuna akili?" Alijaribu kucheka akashindwa.

"Mwite Munzir. Nakuomba."

"Cheti kimeshatoka, kaka. Nilikwenda kumwandikisha mara tu baada ya kuongea na wewe. Nimemwita Ghiyath. Nilisema, kama si jina la baba, basi la kaka yangu."

Nilitamani anitukane. Huda alinipokonya simu, akampongeza shemeji yake kwa sauti nzuri kabisa, akaenda chumbani kwa watoto akafunga mlango.

Asubuhi nilimkuta baba ameshafungua duka mwenyewe, na shati jeupe la Idi mwilini. Alikuwa anamweleza Abu Rustum kwamba Munzir mdogo atafundishwa mkasi kwanza, mpira baadaye. Nilimwomba Abu Rustum atupishe kidogo. Nikamwambia baba kwamba hakuna mimba wala haitakuwapo, na kwamba mtoto wa Nawar ameandikwa kwa jina jingine kwa sababu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja kofi, na umri wangu huu.

"Kwa hiyo Munzir ni mimi tu," akasema, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kuniambia nimnyoe ndevu.