Fahali Aliyegeuzwa Njiani

Jumamosi hiyo, mwaka wa tisini na sita, mzee Shikanga alitoka kwake Khayega mapema akimwongoza fahali wake, Stima, kwenda kupigana na fahali wa Malinya. Ngoma za isukuti zilimfuata zikilia, na kijiji kikazifuata isukuti: wanaume na matawi mkononi, akina mama na vigelegele, hata wazee wa kanisa waliosema wao wanapita tu.

Walipofika mbele ya shule, watu wakaanza kutoka darasani na kujiunga na msafara. Shikanga akatazama nyuma, akawatambua. Hao walikuwa wazazi, na mkutano waliouacha ulikuwa wa binti yake.

Dinah alifundisha fizikia hapo. Alikuwa na chama cha wanafunzi wa mambo ya anga, waliopewa chumba kimoja cha nyuma. Leo wazazi walikuwa waamue kama chumba kitabaki cha chama au kigeuzwe stoo ya mahindi. Tarehe ya mkutano Shikanga aliambiwa. Ila tarehe ya fahali aliipokea sokoni, mbele ya watu, na mtu akitajiwa fahali mbele ya watu haulizi kalenda.

Dinah alisimama mlangoni. "Baba, nimebaki na mwenyekiti peke yake."

"Anasemaje?"

"Anasema aliyetoka amekubali. Mahindi yanaingia Jumatatu."

Shikanga aliitazama barabara ya uwanjani. Fahali akigeuzwa njiani huhesabiwa ameshindwa, na mwenyewe huchekwa mwaka mzima. Akavuta kamba, akaingia getini.

"Mzee, uwanja uko huku," mpiga isukuti akamwambia.

"Nimeujua kabla hujaota meno. Wewe piga ngoma."

Basi fahali akaingia shuleni, na watu, kwa kuwa walizoea kumfuata fahali, wakaingia pia.

Erastus, mwenyekiti, akatoka nje. "Shikanga, umeleta ng'ombe mkutanoni?"

"Nimeleta wazazi. Ng'ombe amewasindikiza tu."

Watu wakacheka, wakaketi nyasini. Erastus akasema, bila ubaya, kwamba kwenda juu ni kazi ya serikali kubwa, za Wamarekani na Warusi. "Sisi huku tutapanda na nini, mwalimu? Jembe?"

"Si serikali tena peke yao," Dinah akajibu. "Mwaka huu huko Amerika wametangaza zawadi. Watu binafsi wajenge chombo kwa mfuko wao. Kiweze kubeba watu watatu, kipae kilomita mia moja juu, kirudi salama, kisha kipae tena kabla ya wiki mbili kuisha. Hakuna aliyeweza bado, lakini wanaojaribu wapo."

"Mara mbili ya nini?" akauliza mama Alice, mwenye watoto wawili kwenye chama. "Si wakifika wamefika?"

Dinah alifungua kinywa, baba yake akamtangulia.

"Alice, fahali akishinda mara moja, pengine mwenzake alikuwanga anaharisha. Mrudishe uwanjani baada ya wiki mbili. Akishinda tena, hapo mwite fahali."

Wazee wakaguna, wameelewa.

"Na serikali ilimlisha Stima lini?" Shikanga akaendelea. "Ni mimi, na miwa yenu mnayomletea. Sasa mnashangaa nini watu wakijenga chombo chao?"

"Ipo siku mtu atakata tiketi ya kwenda juu kama anayekwenda Kisumu," Dinah akasema. "Watatafutwa wanaojua hesabu za chombo hicho. Nataka mmoja awe alizianzia kwenye kile chumba."

Erastus akaomba mikono. Ikainuka mingi hata akaacha kuhesabu. Akajikuna shingo. "Haya. Mahindi yatakaa kwangu. Bibi yangu mtamweleza nyinyi."

Wakati huo kelele za watu wa Malinya zilisikika kutoka uwanjani. Walikuwa wameshatangazwa washindi. Watu wakamtazama Shikanga, wengine wakijizuia kucheka, wengine wasijizuie.

Yeye akamfunga Stima kwenye mti wa uani, penye majani mazuri, akaingia darasani. Alijibana kwenye dawati la mtoto, magoti yamepanda hadi kifuani, na hakuona shida. Dinah alikuwa ameshika chaki, akieleza kwa nini kule juu mchana jua linawaka na anga bado ni jeusi, na jambo hilo Shikanga hakuwahi kulisikia popote.